Skrini ya Pili Iwe ya Mteja

Kompyuta yenye skrini mbili ni kompyuta moja tu: sipiyu moja, kibodi moja, mausi moja, ila uwanja wake wa kufanyia kazi umetandazwa kwenye vioo viwili. Mshale ukifika ukingoni mwa skrini ya kwanza hausimami. Unavuka na kutokea kwenye ya pili. Barua iliyofunguliwa upande huu inaweza kuburutwa hadi upande ule, na nyaraka mbili zikabaki wazi kwa wakati mmoja. Kasi ya mashine haiongezeki wala kumbukumbu yake haikui. Kinachoongezeka ni nafasi ya kuonea. Wauzaji huisifu nafasi hiyo kwa kuwa humwezesha mtu mmoja kufanya mengi kwa haraka. Kwa mji kama Ubaruku iko faida kubwa kuliko hiyo, nayo ni kwamba mtu wa pili, yaani mteja, anaweza hatimaye kuona kinachoandikwa kwa jina lake.

Ubaruku ni mji mdogo wa mpunga katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, ndani ya bonde la Usangu. Shamba kubwa la umwagiliaji la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na kuendeshwa na shirika la umma la NAFCO kabla ya kubinafsishwa, liko hapo hapo, na wakulima wadogo wamelizunguka. Katikati ya mwaka ni wakati wa mavuno. Mashine za kukobolea hunguruma, malori hupakia mchele, fedha huzunguka. Katika kipindi hichohicho, kwa kawaida mwezi Julai, matokeo ya kidato cha sita hutoka, na maombi ya vyuo pamoja na ya mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupamba moto. Wazazi waliotoka kuuza mpunga huja mjini na watoto wao, na wote huishia mahali pamoja: steshenari.

Humo ndimo serikali ya mtandaoni inapokutana na mwananchi asiye na kompyuta. Maombi ya cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, uhakiki wa vyeti, fomu za mkopo, maombi ya kazi serikalini, kuangalia matokeo ya mitihani ya NECTA, barua ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji, mkataba wa kukodi jaruba la mpunga, vyote hupita kwenye meza ileile. Mpangilio wa maduka haya unafanana karibu kila mahali nchini. Mwandishi amekaa nyuma ya kaunta akitazama mlango. Mteja amesimama mbele yake akitazama mgongo wa skrini: stika ya kiwandani, matundu ya kutolea joto, waya mbili zinazoning'inia. Mteja anataja, mwandishi anaandika. Jina la baba? Tarehe ya kuzaliwa? Namba ya akaunti? Kila jibu linapita katikati ya kelele za mashine ya fotokopi na bodaboda za barabarani, kisha linageuka herufi ambazo aliyezitamka hazioni hadi karatasi itoke kwenye printa. Mara nyingine hata karatasi haimsaidii tena, kwa kuwa fomu imeshatumwa.

Makosa yanayozaliwa hapo hayatokani na uzembe peke yake. Usangu ni nchi ya Wasangu, lakini mpunga umewaita Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasukuma na wengine wengi, kila jamii na majina yake, na mwandishi aliyekulia kwingine hawezi kuyajua yote kwa sikio. Hata majina ya kawaida kabisa yana maandishi zaidi ya moja. Yusufu, Yusuf na Yusuph hutamkwa karibu sawa mdomoni, lakini kwenye mfumo wa kompyuta ni majina matatu tofauti. Shabani na Shaaban vilevile. Mfumo unaolinganisha cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule haujui kwamba baba ni mmoja. Herufi moja ikipotoka, kuinyoosha huweza kudai hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, nauli ya kwenda Rujewa, makao makuu ya wilaya, au Mbeya mjini, na siku za kusubiri wakati dirisha la maombi linaelekea kufungwa. Mzazi aliyeuza magunia ili mtoto aende chuo hastahili kuyapoteza kwa sababu ya herufi ambayo angeiona mara moja kama kioo kingegeuzwa upande wake.

Kwa muda mrefu jambo hili halikuwezekana kwa sababu vifaa vyenyewe vilikuwa adimu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya mashine hizo kuwa kitu cha kawaida madukani. Ulimwenguni, uwezo wa kuunganisha skrini zaidi ya moja uliwafikia watumiaji wa Macintosh II mwaka 1987, na watumiaji wengi wa Windows waliupata kwa urahisi mwaka 1998. Lakini skrini za wakati huo zilikuwa za chogo: nzito, zenye kujaza meza nzima, na kila moja ikila umeme wa wati 70 hadi 100. Kuweka mbili kwenye kaunta ya duka lingekuwa wazo la kuchekesha. Skrini bapa za leo zenye taa za LED, zikiwa na ukubwa wa inchi 22, hutumia wati 20 hadi 30, na zile zilizotumika Ulaya na Marekani huletwa nchini kwa wingi kama mtumba. Gharama imeshuka hadi mahali ambapo skrini ya pili ni uamuzi wa mwenye duka, wala haihitaji mfadhili.

Kuhusu madai ya kuongeza uzalishaji, msomaji ayapokee kwa tahadhari. Utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanywa na Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 2003, na uligundua kwamba watu waliofanya kazi za ofisini kwa skrini zaidi ya moja walimaliza haraka zaidi na kwa makosa machache zaidi. Wadhamini wake walikuwa kampuni zilizouza skrini na kadi za grafiki. Hilo peke yake haliufanyi kuwa uongo, na yeyote aliyewahi kunakili takwimu kutoka dirisha moja kwenda jingine kwenye skrini moja ndogo anajua kwamba kuna ukweli ndani yake. Ila kipimo kinachofaa Ubaruku ni kingine: ni fomu ngapi zinarudishwa kwa sababu ya jina.

Kazi ya kuunganisha inaanza nyuma ya sipiyu. Kabla ya kununua chochote, sipiyu igeuzwe na matundu yake ya picha yatazamwe, kwa maana hayo ndiyo yatakayoamua kila kitu. Tundu la buluu lenye vishimo 15 katika safu tatu, na mahali pa skrubu mbili pembeni, ni VGA, lililobuniwa na IBM mwaka 1987. Linapeleka picha kwa mawimbi ya analojia na bado limejaa kwenye mashine za mtumba. Tundu pana, mara nyingi jeupe, lenye vishimo vingi na kimwanya bapa upande mmoja, ni DVI. Tundu dogo bapa ambalo pembe zake mbili za chini zimebonyea ndani ni HDMI, lilelile la kwenye televisheni. Linalokaribiana nalo lakini lenye kona moja tu iliyokatwa ni DisplayPort, lililotoka mwaka 2006. Laptopu mpya huweza kuwa na tundu dogo bapa lenye ncha za mviringo la USB-C, ambalo baadhi yake hutoa picha na mengine huchaji au kubeba data tu.

Mashine za ofisini zinazouzwa sana kama mtumba huwa tayari zina matundu ya kutosha, na wengi wanaozimiliki hawajui. Dell OptiPlex 7010 na HP EliteDesk 800 ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, zina VGA moja na DisplayPort mbili mgongoni. Mwenye mashine kama hiyo hahitaji kadi ya grafiki hata kidogo. Anahitaji skrini na waya tu. Kwa laptopu kazi ni nyepesi zaidi, kwani kioo chake chenyewe ni skrini ya kwanza, na tundu la HDMI au VGA la ubavuni linangoja ya pili.

Fedha nyingi hupotea kwenye adapta. Kanuni ni kwamba analojia na dijitali hazibadilishani zenyewe. DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida inawezekana kwa adapta rahisi, kwa sababu matundu mengi ya DisplayPort yanaweza kutoa mawimbi ya HDMI. Safari ya kinyume, kutoka HDMI ya kompyuta kwenda skrini ya DisplayPort, haiwezekani kwa waya wa kawaida. HDMI kwenda VGA inadai adapta yenye sakiti ndani yake ya kugeuza dijitali kuwa analojia. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule, ambao huuzwa mitaani, hautatoa picha yoyote kwenye kompyuta ya kawaida. DVI nayo iko ya aina mbili: yenye vishimo vinne vya ziada kuzunguka kile kimwanya bapa hubeba analojia na hivyo hukubali adapta rahisi ya VGA, isiyo navyo haikubali. Atakayesafiri hadi Mwanjelwa, Mbeya, au kuagiza Kariakoo, Dar es Salaam, apige picha ya mgongo wa sipiyu kwa simu na kuibeba. Picha hiyo humaliza ubishi wote dukani.

Iko kona moja zaidi inayowakwaza mafundi. Sipiyu iliyoongezewa kadi ya grafiki mara nyingi huzima matundu ya asili yaliyo kwenye ubao mama. Mtu akichomeka skrini moja kwenye kadi na nyingine kwenye tundu la asili, moja inabaki nyeusi, na fundi anaanza kubadilisha waya bila sababu. Ama skrini zote mbili zichomekwe kwenye kadi, ama mipangilio ya BIOS ifunguliwe na grafiki ya ndani iruhusiwe kufanya kazi pamoja na kadi, kwa mashine zinazoruhusu hivyo.

Kununua skrini ya mtumba kunataka subira. Iwashwe na kuachwa nusu saa, kwa sababu skrini yenye kapasita zilizochoka huwaka vizuri mwanzoni na kuzima ikishapata joto. Ipewe picha nyeupe tupu ili madoa na kona zilizofifia zionekane, kisha nyeusi, kisha nyekundu, kijani na buluu ili vitone vilivyokufa vijitokeze. Itazamwe pia kutoka pembeni, juu na chini. Hili la mwisho ni la muhimu zaidi kwa skrini ya mteja kuliko ya mwandishi. Skrini za aina ya TN hugeuza rangi na kufifisha maandishi zinapotazamwa kutoka pembe mbaya, na mteja aliyesimama huitazama kwa pembe mbaya daima; skrini za aina ya IPS huvumilia. Nyuma ya kioo pawe na matundu manne ya skrubu yaliyokaa kwa mraba wa milimita 100 au 75, na maandishi yanayoonyesha kwamba inakubali umeme wa volti 100 hadi 240. Sipiyu za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai inayochagua kati ya 115 na 230. Iliyokuja kutoka Marekani ikiwa imeachwa kwenye 115 italipuka siku ya kwanza ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania, ambao ni volti 230.

Wapo watakaotaka kutumia televisheni. Inafaa wakati wa shida, hasa kwa kuwa HDMI iko tayari. Lakini televisheni nyingi ndogo zina pikseli 1366 kwa 768 tu, na baadhi hukata kingo za picha hadi mipangilio ya ukubwa wa picha ibadilishwe kwa rimoti. Maandishi madogo ya fomu huonekana kama yamelowa. Skrini ya kompyuta yenye pikseli 1920 kwa 1080 ndiyo inayostahili.

Kuchomeka kwenyewe hakuchukui dakika kumi. Mashine izimwe, waya za picha zichomekwe, skrubu za VGA zikazwe kwa mkono, skrini zote ziwashwe kabla ya sipiyu. Windows ikishafunguka, kitufe chenye alama ya Windows kibonyezwe pamoja na herufi P. Njia hii ilikuja na Windows 7 mwaka 2009 na bado ipo. Hutokea hiari nne kwa mpangilio huu: skrini ya kompyuta pekee, kurudufu, kupanua, na skrini ya pili pekee. Hiari ya pili, kurudufu, huonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili. Ya tatu, kupanua, huzifanya kuwa uwanja mmoja mrefu wenye sehemu mbili.

Wengi wanaotaka mteja aone hukimbilia kurudufu, na hapo hukosea. Skrini iliyorudufiwa humwonyesha mteja kila kitu: faili la mteja aliyetangulia, ujumbe wa WhatsApp wa mwandishi, orodha ya majina kwenye folda, barua pepe ya mtu mwingine. Kupanua ndiko sahihi, kwa sababu mwandishi huchagua kinachovuka. Baada ya kuchagua kupanua, sehemu ya mipangilio ya skrini ifunguliwe kwa kubonyeza mausi kulia kwenye uwanja mtupu. Huko huonekana miraba miwili yenye namba 1 na 2, pamoja na kitufe cha kuzitambulisha skrini, ambacho huandika namba kubwa kwenye kila kioo. Miraba iburutwe hadi ikae kama skrini zilivyokaa mezani. Ikiachwa kinyume, mshale utatokea kulia wakati mkono unaupeleka kushoto, na mwandishi ataichukia skrini ya pili kabla ya jioni. Skrini ya mwandishi iwekwe kuwa kuu, ili menyu na ujumbe wa mfumo vitokee kwake na visitokee kwa mteja. Skrini ya mteja iongezewe ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150. Mzee wa miaka sitini anayesoma jina lake akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kioo anahitaji herufi kubwa kuliko kijana aliyeketi.

Kuanzia Windows 8 kila skrini inaweza kuwekewa picha yake ya usuli. Fursa hiyo isipotee: skrini ya mteja, inapokuwa haina kazi, ioneshe bei za kuchapa kwa ukurasa, fotokopi, picha za pasipoti na kulaminisha, pamoja na orodha ya vitu ambavyo mwombaji wa mkopo anapaswa kuja navyo. Foleni ya Julai hupungua watu wanapojua mapema kwamba walisahau cheti nyumbani.

Mahali pa kuiweka panahitaji fundi wa kuchomelea kuliko fundi kompyuta. Skrini ya mwandishi ibaki mbele yake, umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo. Ya mteja ikae pembeni mwa kaunta, imegeuzwa kumwelekea, kwa namna ambayo mwandishi anaweza kuichungulia akiinama kidogo. Mabano ya dukani yapo, lakini bapa la chuma lililokunjwa na kutobolewa matundu manne kwa kipimo kilekile cha milimita 100 hushika vizuri, kwa skrubu za milimita 4, na huizuia skrini kuondoka na mpita njia. Waya uwe wa mita tatu, kwani ule wa mita moja na nusu unaokuja na skrini haufiki, na ukivutwa hulegea tunduni. Kioo kisielekee mlangoni moja kwa moja. Jua la mchana la Usangu hufuta picha yoyote, na watu wa foleni wasisome taarifa za aliye mbele yao.

Utaratibu wa kazi ni rahisi. Mwandishi hujaza fomu kwenye skrini yake, kisha, kabla ya kugusa kitufe cha kutuma, hubonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa upande ilipo skrini ya mteja. Dirisha zima huruka na kutua mbele ya mteja.

"Mama, soma hapo juu. Jina la baba limekaa sawa?"

"Hapana, mwanangu. Mwisho ni f na u, Yusufu. Hiyo ph umeitoa wapi?"

"Ni mimi niliyemtajia, mama," anasema kijana anayeombewa mkopo. "Shuleni ndivyo walivyoandika."

Hapo ndipo skrini inapolipa gharama yake. Haikuamua ni jina lipi sahihi. Imeleta mgongano mezani wakati vyeti vyote viwili bado viko mkononi mwa mama na fomu haijatumwa. Cheti cha kuzaliwa kinaskaniwa na kufunguliwa skrini moja, fomu inabaki nyingine, na watu watatu wanalinganisha mstari kwa mstari. Kazi hiyohiyo kwenye skrini moja ingefanywa na mtu mmoja kwa kukariri.

Kusoma kwa sauti kuna nafasi yake pia. Mteja asiyejua kusoma, au aliyesahau miwani nyumbani, asomewe polepole, na namba zisomwe mojamoja. Skrini ya pili haiondoi wajibu huo. Ila hata yeye mara nyingi huja na mtoto au jirani anayesoma, na huyo sasa ana mahali pa kutazama.

Sheria nayo inaelekea upande huu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi na zilindwe. Steshenari hushika taarifa nyingi za watu: namba za kitambulisho cha taifa za NIDA, vyeti, akaunti za benki, nywila. Tabia ya kuandika nywila za wateja kwenye daftari la kaunta imeenea, na haifai. Mteja apewe kibodi aandike nywila yake mwenyewe, akiona kwenye skrini yake kwamba vitone vinajitokeza, na aondoke nayo kichwani au kwenye karatasi yake. Faili zake zifutwe kazi ikiisha, na pipa la taka la kompyuta limwagwe.

Umeme ni suala la pekee katika mji ambako unaweza kukatika katikati ya fomu. Hesabu yake ni nyepesi. Sipiyu ya ofisini kwa kazi za kawaida hula wati 40 hadi 80, skrini mbili kati ya 40 na 60. Jumla haizidi 150. UPS ndogo ya 650 VA, yaani kifaa chenye betri ya akiba, hubeba mzigo huo na kutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo kamwe. Inapopasha joto huvuta mamia ya wati kwa ghafla, na UPS itazidiwa au betri yake kufa mapema. Umeme ukikatika, skrini ya mteja izimwe kwanza ili chaji idumu. Ukirudi, dakika moja au mbili zipite kabla ya kuwasha, kwa sababu umeme unaorudi huja ukiyumba. Kwa anayetegemea sola, laptopu yenye skrini moja ya nje ni chaguo bora kuliko sipiyu.

Vumbi la Ubaruku lina vyanzo viwili, barabara za kiangazi na mashine za kukoboa mpunga. La pili ni baya zaidi. Chembe za pumba ni nyepesi, huelea mbali na huingia kwenye feni za sipiyu hadi zikazibe njia ya hewa. Mashine ikianza kuzima yenyewe saa nane mchana, kifuniko kifunguliwe kabla ya kulaumu skrini mpya. Kusafisha kwa brashi laini na kupuliza kwa hewa kila mwezi wakati wa mavuno kunatosha. Vioo vifutwe skrini ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa. Spiriti na sabuni za madirisha huharibu utando wa juu. Skrini ya mteja itaguswa kwa vidole kila siku, kwa maana watu huonyesha kosa kwa kuligusa, na waachwe wafanye hivyo.

Wenye ghala na wanunuzi wa mpunga wanaweza kutumia mpangilio huohuo kwa mkulima anayepimiwa: uzito na bei ya kila gunia vionekane upande wake vinapoandikwa. Lakini pa kuanzia ni steshenari, kwa sababu huko ndiko kosa la herufi moja linakoweza kugharimu mwaka wa masomo. Mwenye duka anunue skrini na waya wake kabla ya Mei kwisha, aipime kwa mwezi mzima wa Juni kwa kazi ndogondogo, na foleni ya Julai iikute imefungwa kwenye kaunta. Naye mzazi atakayeingia duka lolote na kukuta kioo kimeelekea upande mmoja tu, aombe kigeuzwe kabla fomu haijatumwa.